Danjuro wa Saba: Mwigizaji aliyefukuzwa Edo akarudi baada ya miaka saba

MWAKA 1842 serikali ya Japani ilimfukuza mtu mmoja kutoka katika mji aliozaliwa. Hakuwa ameua, hakuwa ameiba, wala hakuwa amekula njama ya kuiangusha serikali. Alihukumiwa kwa sababu aliishi maisha ya anasa yasiyolingana na hadhi yake, na kwa sababu alipanda jukwaani akiwa amevaa deraya ya kweli ya vitani badala ya ile ya kuigiza. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 51. Jina lake lilikuwa Ichikawa Danjuro wa Saba, mwigizaji aliyevuma kuliko wote katika mji wa Edo, ambao leo tunauita Tokyo.

Huenda msomaji akajiuliza, mwigizaji wa Japani wa karne ya 19 anatuhusu nini sisi huku? Nimemchagua kwa makusudi. Wasomaji wengi wa ukurasa huu ni watu waliowahi kuondoka makwao bila kupenda, kisha wakarudi. Wengine ni wale ambao kila wiki husimama mbele ya afisa wa mpakani wakingoja kuruhusiwa kupita na mzigo wao. Danjuro wa Saba aliyajua yote mawili, la kwanza katika maisha yake na la pili katika tamthilia iliyomjengea jina. Nami niliyesomea ukimbizini tangu darasa la kwanza nimeyasoma maisha yake kwa jicho hilo, sitaficha.

Kwanza tuelewane kuhusu kabuki yenyewe. Ni maigizo yenye ngoma, muziki na uchezaji, yaliyoanza mwanzoni mwa karne ya 17 katika mji wa Kyoto. Mwanzilishi wake anayetajwa siku zote ni mwanamke, Okuni. Lakini mwaka 1629 serikali ilipiga marufuku wanawake kupanda jukwaani, na tangu hapo wanaume ndio wanaoigiza nafasi zote, hata za mabibi na mabinti. Wafanyabiashara na mafundi wa mijini waliipenda kabuki kupita kiasi. Watawala hawakuipenda, ila waliivumilia na kuiwekea sheria. Waigizaji walihesabiwa kuwa watu wa chini, chini ya mkulima na chini ya mchuuzi, na waliitwa kwa dharau watu wa kando ya mto, kwa kuwa wa kwanza wao walichezea kwenye mchanga wa mto uliokauka. Hata hivyo, nyota wao walilipwa hadi vipande 1,000 vya dhahabu, yaani ryo 1,000, kwa mwaka. Mtu wa chini kabisa kwa cheo, tajiri kwa mfuko. Hapo ndipo matatizo yalipokuwa yakingoja.

Ukoo wa Ichikawa ulikuwa wa kwanza miongoni mwa koo za waigizaji wa Edo. Danjuro wa Kwanza, aliyezaliwa mwaka 1660, ndiye aliyeuletea mji huo uchezaji wa kishujaa, wa kukanyaga chini kwa kishindo, kukodoa macho na kupaka uso mistari myekundu. Mwaka 1704 aliuawa na mwigizaji mwenzake ndani ya jumba la maonyesho. Jina lake halikuzikwa naye. Kwa desturi ya kabuki jina hurithiwa kama shamba: anayefaa hulichukua, awe mtoto wa kuzaa au wa kulea, na kuanzia siku hiyo deni lote la jina ni lake.

Mtu wetu alizaliwa mwaka 1791. Mama yake alikuwa binti wa Danjuro wa Tano, kwa hiyo alikuwa mjukuu wa nyumba hiyo kwa upande wa kike. Babu huyo naye si mgeni kwa wapenzi wa michoro ya Kijapani. Mwaka 1794, akitumia jina la Ebizo, alichorwa na Sharaku, yule mchoraji wa ajabu aliyetokea ghafla, akatoa michoro zaidi ya 140 katika muda wa miezi kumi hivi, kisha akatoweka. Mchoro wa mzee huyo, akiwa ameviringisha vidole na kukunja uso, hadi leo ni miongoni mwa michoro ya Kijapani inayojulikana sana duniani.

Mtoto alichukuliwa na Danjuro wa Sita kuwa mwanawe wa kulea. Lakini wa Sita alifariki mwaka 1799 akiwa kijana wa miaka ya ishirini na kidogo. Mwaka uliofuata mtoto wa miaka tisa akapandishwa jukwaani, akatangazwa kuwa Danjuro wa Saba. Babu alimsimamia miaka michache, naye akafariki mwaka 1806. Kijana akabaki na jina la watu sita mabegani bila mzee wa nyumba wa kumkinga.

Hakuwa mrefu. Alikuwa na sauti kubwa, na alikuwa na macho. Macho hayo ndiyo yaliyomtajirisha yeye na kuwatajirisha wengine, hasa wachapishaji wa michoro.

Hapa inafaa tusimame kidogo, kwa sababu bila biashara ya michoro tusingemjua mtu huyu. Kazi ilianza kwa mchapishaji, ambaye ndiye aliyekuwa na mtaji. Alimpa mchoraji kazi, mchoraji akachora kwa wino kwenye karatasi nyembamba. Mchongaji akaibandika karatasi hiyo juu ya ubao wa mcheri na kuchonga, akiacha mistari tu imesimama. Kila rangi ilikuwa na ubao wake. Mwisho mchapaji alipaka rangi, akalaza karatasi juu ya ubao na kuisugua kwa mkono kwa kifaa kilichofunikwa ganda la mwanzi. Wasimamizi walitakiwa kuikagua kazi na kuigonga muhuri kabla haijauzwa. Karatasi moja iliuzwa kwa bei ya bakuli moja au mawili ya tambi, kwa hiyo hata mchukuzi wa mizigo aliweza kwenda nyumbani na sura ya mwigizaji anayempenda. Wafanyabiashara waliofika Edo kutoka mikoani waliinunua kuwa zawadi ya kurudi nayo. Ni nyepesi, haiozi njiani, na kijijini kila mtu anataka kuiona. Anayefanya biashara ya kuvuka mpaka ataelewa mara moja kwa nini bidhaa hiyo ilitembea.

Wachoraji wa ukoo wa kazi wa Utagawa ndio walioishika biashara hiyo, kwanza Toyokuni, aliyefariki mwaka 1825, na baada yake mwanafunzi wake Kunisada. Kunisada alimchora Danjuro wa Saba tangu ujana wa wote wawili hadi uzee. Ukizipanga kazi hizo kwa miaka, unamwona mtu akizeeka mbele yako: shavu linajaa, shingo inanenepa, lakini macho ni yaleyale. Mara nyingi begani au kwenye mkono wa vazi kuna nembo ya nyumba yao, miraba mitatu iliyowekwa mmoja ndani ya mwingine, mfano wa vipimo vya mchele vikitazamwa kutoka juu.

Tena alikuwa na akili ya soko. Alilifufua pambo la zamani la kitambaa lenye vitu vitatu: mundu, duara na herufi moja. Ukivitamka kwa pamoja kwa Kijapani unapata neno lenye maana ya kusema sijali. Alipolivaa jukwaani, wanawake kwa wanaume wa Edo wakalitaka kwenye nguo zao. Kina mama wetu wanaouza kanga hawana haja ya kufafanuliwa hapa, kwani wanajua kwamba kitambaa kinachosema hununuliwa kwanza kwa maneno, rangi baadaye. Mpinzani wake mkubwa, Onoe Kikugoro wa Tatu, naye akaja na fumbo lake la kitambaani, la shoka, kinanda na ua la krisantemu, likisomeka kuwa ni kusikia habari njema.

Wapinzani hao wawili walikutana jukwaani mwaka 1825 katika tamthilia ya mzimu wa Yotsuya, iliyoandikwa na Tsuruya Nanboku wa Nne. Kikugoro aliigiza Oiwa, mke aliyetiliwa sumu na kurudi kuwa mzimu. Danjuro aliigiza Iemon, mume mbaya. Hadi wakati huo nyumba ya Ichikawa ilisifika kwa mashujaa, na kukubali kuwa mume mwovu wa namna ile ni jambo la ujasiri. Tamthilia hiyo ingali inachezwa Japani hadi leo.

Mwaka 1832 alifanya jambo lisilo la kawaida kwa mtu aliye kileleni. Akiwa na miaka 41 tu, alimwachia mwanawe wa kwanza, aliyezaliwa mwaka 1823, jina la Danjuro. Mtoto akawa wa Nane, baba akarudia jina la Ebizo. (Mimi nitaendelea kumwita wa Saba, tusichanganyikiwe.) Katika sherehe hiyo alichapisha na kugawa orodha ya tamthilia 18 ambazo alizitangaza kuwa ni mali ya nyumba ya Ichikawa. Wengine waliona ni majivuno. Mimi naona alikuwa anaandikisha shamba kabla ya jirani kusogeza mpaka.

Moja ya tamthilia hizo 18 ndiyo iliyobaki kuwa kubwa kuliko zote. Inaitwa Kanjincho, na aliicheza kwa mara ya kwanza mwaka 1840 katika jumba la Kawarazaki. Naomba niisimulie, maana ni habari ya mpakani.

Katika karne ya 12 kiongozi wa vita Yoshitsune anawindwa na kaka yake mwenyewe, Yoritomo, aliyeishika nchi. Anakimbilia kaskazini na wafuasi wachache, wote wakiwa wamejifanya watawa wa milimani, na yeye mwenyewe akiwa amevaa kama mchukuzi wa mizigo. Wanafika kizuizi cha Ataka. Msimamizi wa kizuizi, Togashi, ameshaambiwa kwamba wakimbizi watapita wamevaa kitawa. Mkuu wa wafuasi, Benkei, anasema wao wanachangisha fedha za kujenga upya hekalu kubwa. Togashi anajibu kwamba kama ni hivyo, basi wanayo hati ya mchango, aisome. Hati hiyo hawana. Benkei anatoa gombo tupu, lisilo na herufi hata moja, analikunjua mbele ya uso wake na kusoma kwa sauti kuu, sentensi baada ya sentensi, kwa lugha nzito ya dini, kana kwamba yote yameandikwa pale. Sisi tuliofundishwa na walimu wasiokuwa na kitabu mkononi tunaifahamu sanaa hiyo.

Wanaruhusiwa. Wakiwa wanaondoka, askari mmoja anamtilia shaka mchukuzi. Benkei anachukua fimbo na kumpiga bwana wake mbele ya wote, akimtukana kwa uvivu, kwa sababu hakuna anayeweza kuamini kwamba mtumishi angemfanyia bwana wake hivyo. Togashi anaelewa kila kitu. Anajua waliopo mbele yake ni nani. Anawaacha wapite, akijua atalipa kwa kosa hilo. Benkei anabaki nyuma peke yake, kisha anatoka kwa kurukaruka kwa mguu mmoja mmoja kupitia njia inayokatiza katikati ya watazamaji.

Danjuro wa Saba alikuwa Benkei. Mwanawe, wa Nane, akiwa na miaka 17, alikuwa Yoshitsune. Yaani baba alimpiga mwana fimbo mbele ya Edo nzima ili amwokoe. Isitoshe, tamthilia hii ilichukuliwa kutoka maigizo ya Noh, ambayo yalikuwa ya watawala na mashujaa wa samurai. Nyuma ya jukwaa aliweka mchoro wa msonobari kama ule wa jukwaa la Noh. Watu wa kando ya mto walikuwa wameingia sebule ya wakubwa.

Wakubwa walikuwa na matatizo yao. Kuanzia mwaka 1833 njaa kali iliipiga Japani kwa miaka kadhaa. Mwaka 1837 aliyekuwa ofisa wa serikali mjini Osaka, Oshio Heihachiro, aliongoza uasi kwa ajili ya maskini waliokosa mchele, na sehemu kubwa ya mji ikaungua. Hazina ilikuwa tupu. Mwaka 1841 waziri mkuu wa shoguni, Mizuno Tadakuni, alianzisha mageuzi ya kubana anasa: mavazi, vyakula, mapambo, michezo, kila kitu. Mwaka huohuo moto uliteketeza majumba mawili ya kabuki. Wapo waliotaka kabuki ifutwe kabisa. Hakimu wa mji, Toyama Kagemoto, alipinga, na ikaamuliwa majumba yahamishiwe pembezoni mwa mji, Asakusa, katika mtaa uliopewa jina la Saruwaka. Waigizaji wakaamriwa kuvaa kofia za kusukwa zinazoficha uso kila watokapo nje ya mtaa wao. Mwaka 1842 michoro ya waigizaji nayo ikapigwa marufuku.

Serikali ilihitaji mfano, na mfano ulikuwa na macho makubwa. Majira ya machipuko ya mwaka huo Danjuro wa Saba aliigiza akiwa na deraya halisi. Alikamatwa, akatiwa pingu, na miezi michache baadaye hukumu ikasomwa: asionekane tena Edo wala ndani ya umbali wa ri kumi kuizunguka, yaani kilomita kama 40. Kwamba watu walikufa njaa ni kweli, na kwamba matajiri wa mjini walikula na kusaza ni kweli pia. Lakini mchele haukushuka bei kwa kuondoka kwake. Kumfukuza mwigizaji ni kazi ya siku moja, na watu wote wanaona kwamba serikali imefanya kitu.

Alikwenda Narita, mashariki mwa Edo, nje kidogo ya mpaka aliowekewa. Hakwenda huko kwa bahati. Hekalu la Narita lilikuwa la nyumba yao tangu zamani. Inasimuliwa kwamba Danjuro wa Kwanza aliomba mtoto hapo na akapata, na hadi leo watazamaji wa kabuki humshangilia Danjuro kwa kuita jina la duka, Naritaya. Wa Saba mwenyewe alikuwa amelijengea hekalu hilo ukumbi wa kuwekea picha za nadhiri mwaka 1821. Sasa alirudi pale akiwa hana mji, akatumia jina la Naritaya Shichizaemon. Wafanyabiashara wetu wanaokwenda Japani kununua magari yaliyokwisha kutumika wengi hutua uwanja wa ndege wa Narita. Hekalu liko katika mji huohuo.

Baadaye alishuka magharibi, Osaka na Kyoto, akaigiza huko. Hakulala njaa. Watu wa Osaka walijaa kumtazama, na jina lake lilikuwa kubwa kote. Nalisisitiza hili kwa sababu watu hudhani mkimbizi hulilia chakula tu. Yuko anayekula vizuri ugenini, ana kazi, anaheshimiwa, na bado kila akilala anapita kwa mawazo mtaa mmoja anaoujua yeye.

Edo alibaki mwanawe. Danjuro wa Nane alikuwa na miaka 19 baba alipofukuzwa, na familia yote ikamwangalia yeye. Alijinyima chakula na kwenda kuomba hekaluni ili baba arudishwe. Habari zikaenea mjini. Mwaka 1845 ofisi ya hakimu wa Edo ikamwita kijana huyo, ikamsifu hadharani kwa kumheshimu mzazi na kumpa zawadi ya fedha. Serikali ileile iliyomwondoa baba ilimtuza mwana kwa kumkumbuka. Mizuno alikuwa ameshaangushwa madarakani mwaka 1843, lakini hukumu ya baba haikuguswa. Viongozi huanguka na faili zao hubaki kabatini.

Na michoro? Hapo wachapishaji walionyesha ujanja. Waliwachora waigizaji kama mashujaa wa kale au mifano ya tabia njema, bila kuandika jina la mwigizaji wala la tamthilia. Mnunuzi alitazama pua, akatazama macho, akalipa. Kunisada, ambaye mwaka 1844 alichukua jina la mwalimu wake Toyokuni, aliendelea hivyo. Kuniyoshi, wa ukoo huohuo wa kazi, alikwenda mbali zaidi. Karibu na mwaka 1848 alitoa michoro inayofanana na ukuta wa ghala uliokwaruzwa na watoto kwa msumari, na kila kikaragosi kilikuwa sura ya mwigizaji anayejulikana. Alichora hata kobe wenye nyuso za waigizaji. Amri ilikataza kuchora waigizaji, haikutaja kobe.

Msamaha ulitolewa mwishoni mwa mwaka 1849 kwa kalenda yao. Machipuko ya 1850 Danjuro wa Saba alipanda tena jukwaa la Edo. Alikuwa amekaa nje zaidi ya miaka saba, na sasa alikaribia miaka 60.

Aliyerudi anajua kwamba mahali ulipopaacha hapakukungoja. Majumba ya kabuki hayakuwa tena katikati ya mji, yalikuwa yamepangwa kwenye mtaa mmoja pembezoni. Kikugoro wa Tatu, mpinzani wa maisha yake yote, alikuwa amefariki njiani mwaka 1849 akirejea Edo kutoka magharibi. Na kiti chake mwenyewe kilikuwa na mtu. Wa Nane sasa alikuwa na miaka 27, mzuri wa sura, mpole wa uchezaji, kipenzi cha wanawake wa mji mzima. Mwaka 1853 aliigiza Yosaburo, kijana aliyejaa makovu ya kisu kwa sababu ya mapenzi, na Edo ikawa haina habari nyingine, mpaka meli za kivita za Marekani zilipotokea kwenye ghuba. Baba alikuwa bado mkubwa, na mwaka 1852 alimcheza Benkei akitangaza kuwa ni kwaheri. Lakini waliokuja kumwona wengi walikuwa wamekuja kuaga enzi zao.

Alirudi Osaka kuigiza. Yule aliyelilia Edo miaka saba alijikuta akienda tena kule alikopelekwa kwa nguvu. Jambo hilo halinishangazi. Ugeni wa muda mrefu huota mizizi, na baadhi ya jamaa zetu waliorudi kwa shangwe leo wana nyumba upande huu na biashara upande ule.

Mwaka 1854 mwanawe alimfuata, wakaigiza pamoja Nagoya, kisha wakaingia Osaka. Mabango yalikuwa yameshatangaza jina la Danjuro wa Nane. Kabla hajaonekana jukwaani hapo alikutwa amefariki katika nyumba ya wageni. Alikuwa amejiua. Alikuwa na miaka 31. Watu walisema ni madeni, walisema ni mvutano kati ya mikataba ya Edo na matakwa ya baba, walisema mengi. Yeye hakusema. Alizikwa hukohuko Osaka.

Habari zilipofika Edo, wachapishaji walifanya kazi usiku na mchana. Ilikuwepo desturi ya kutoa mchoro wa maombolezo anapofariki mwigizaji, ukiwa na tarehe ya kifo na jina la hekalu alikozikwa. Kwa kawaida ilitoka michache. Kwa wa Nane ilitoka zaidi ya 200 ya aina mbalimbali. Mmoja unamwonyesha amelala kama Buddha siku ya kufariki kwake, na wanawake wa kila umri wamemzunguka wakilia. Michoro hiyo ilifanywa haraka, kwa rangi chache za samawati, na mingi haina ubora. Nimeitazama mingi na bado inaniuma kuliko ile ya ustadi, kwa sababu aliyeichonga alijua kwamba kesho asubuhi kuna mtu atasimama dukani akiisubiri.

Baba alikuwa amelicheza jina hilo kwa miaka 32, akampa mwana akiwa mtoto wa miaka tisa, umri uleule aliopewa yeye. Mwana alilibeba peke yake baba alipofukuzwa. Sasa jina halikuwa na mtu. Mzee aliishi miaka mitano mingine, akarudi Edo mwishoni, na akafariki huko mwaka 1859.

Jina la Danjuro lilikaa bila mwenyewe kwa miaka 20. Mwaka 1874 lilichukuliwa na mwana mwingine wa mzee huyo, aliyezaliwa mwaka 1838 na kupewa familia ya Kawarazaki alelewe tangu uchanga. Huyo ndiye Danjuro wa Tisa, ambaye Wajapani wengi humhesabu kuwa mkubwa kuliko wote waliotangulia. Serikali ya shoguni ilikuwa imeshaondoka, Edo ilikuwa imeshaitwa Tokyo. Mwezi Aprili mwaka 1887 mfalme wa Japani, Meiji, alitazama kabuki kwa mara ya kwanza, katika bustani ya nyumba ya waziri wake wa mambo ya nje. Aliyecheza mbele yake alikuwa mtoto wa yule aliyefukuzwa, na miongoni mwa tamthilia zilizochezwa siku hiyo ilikuwemo Kanjincho.